Mabruki wa Upande wa Kisima

Tatu binti Saidi hakuwahi kuajiriwa na mtu mpaka alipofikisha miaka arobaini na sita. Asubuhi alifundisha watoto Kurani barazani kwake, mtaa wa Cheyo. Alasiri alishona kofia kwa mkono. Na kwa hayo mawili alijiona hana haja na ofisi ya mtu. Lakini mwaka ule wa operesheni ya vijiji, ofisi yenyewe ilimfuata nyumbani. Ilimjia kwa sura ya kijana mmoja mwembamba aitwaye Elieza, mwenye kalamu mbili mfukoni, na viatu vyake vilikuwa vimejaa vumbi kama vya mtu aliyeulizia njia kwa watu wengi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

Elieza hakukaa. Alisema ametumwa kuulizia madaftari ya marehemu Mzee Saidi, na kwamba kila mzee aliyemuuliza alimwelekeza kwenye baraza hii.

Mzee Saidi, baba yake Tatu, alikuwa karani wa wazee wa mtaa tangu siku za Mwingereza. Kila nyumba iliyosimamishwa pale aliiandika: jina la mwenyewe, idadi ya vyumba, na upande ilipo. Aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyofanya wenzake wa rika lake, waliojifunzia kalamu chuo cha Kurani kabla shule hazijawa nyingi. Alipofariki aliacha madaftari manne ndani ya sanduku la mbao, na tangu hapo hakuna aliyeyafungua isipokuwa binti yake, mara moja kwa mwaka, kufukuza mchwa.

Sasa yalikuwa yanahitajika. Elieza alieleza kwa upole, kama mtu anayesoma habari ambayo si yake. Watu wa mjini wasio na makao ya kudumu watahamishiwa kijiji kipya upande wa Usinge, kando ya msitu, wakalime. Mwenye kuthibitisha kwamba nyumba yake ni ya tangu zamani atabaki. Na uthibitisho wa Cheyo ulikuwa ndani ya sanduku lile.

"Huko kwenu ofisini hamna anayesoma?" Tatu aliuliza.

"Mama, mimi nimesoma mpaka kidato cha sita." Elieza aliinama juu ya daftari lililofunguliwa, akatikisa kichwa. "Lakini hapa naona siafu tu wanahama."

Tatu alicheka. Ndivyo alivyokubali kazi.

*

Walimpa chumba nyuma ya ofisi, chenye dirisha moja na meza mbili. Meza ya pili ilikuwa ya Flavia, mpiga chapa aliyesomeshwa na masista, msichana mwepesi wa vidole na wa maneno. Kazi yao ilikwenda hivi: Tatu alisoma mstari mmoja wa baba yake, akauandika upya kwa herufi za Kizungu katika daftari jipya la shule, Flavia akauchapa kwa mashine, orodha ikapelekwa kwenye kamati iliyokuwa ikiamua nani anabaki na nani anakwenda.

Kurasa za mwanzo zilisomeka bila taabu. Mwandiko wa Mzee Saidi ulikuwa umesimama vizuri, na Tatu alijihisi kama anamsikia akizungumza. Shida ilianza ukurasa wa kumi na mbili. Mvua kubwa za mwaka wa Uhuru zilipenya paa la chumba cha marehemu zikalowesha sanduku, na ndani ya sanduku kilichoumia zaidi kilikuwa nukta.

Elieza hakuelewa. Nukta ni kitu gani cha kumtia mtu mashaka? Ikabidi Tatu amchoree. Aliandika jino moja dogo katikati ya mstari.

"Hili, ukilitia nukta moja chini, ni *b*. Ukiitia juu, ni *n*. Ukitia mbili juu, ni *t*. Ukiliacha hivi lilivyo, si kitu. Baba alikuwa na mazoea ya kuandika jina zima kwanza, kisha anarudi nyuma kutia nukta, na kalamu yake wakati huo imejaa wino mzito. Wino mzito ukilowa na kukauka hubanduka. Maneno yamebaki, nukta zimeanguka."

"Sasa unafanyaje?"

Tatu alikuwa na jibu, na jibu lenyewe lilikuwa la baba yake. Alipokuwa binti mdogo, akifundishwa kunakili kitabu kilicholiwa na wadudu, baba yake alimwekea sheria moja. Herufi isiyosomeka weka kiduara mahali pake. Imepotea moja, kiduara kimoja. Zimepotea tatu, viduara vitatu. Usiruke, kwa sababu ukiruka msomaji atadhani jina limekamilika. Wala usijaze kwa akili yako, kwa sababu atakayekuja nyuma hatajua lipi ni la mwandishi na lipi ni lako.

Basi Tatu aliweka viduara, Flavia akachapa, na siku ya pili Flavia akageuka kitini huku ameshika karatasi.

"Mama Tatu, huyu bwana Shaban bin Ooooi ni kabila gani?"

"Nani?"

"Ooooi. Na huyu hapa jirani yake, binti Moooo. Mtaa wenu una majina ya kuita ng'ombe."

Walicheka mpaka Elieza akaja kuchungulia. Mashine haikuwa na kiduara. Flavia alikuwa amegonga herufi *o* kila mahali. Kosa likaonekana dogo, lakini Tatu alipofikiri zaidi aliacha kucheka. Alama ya kusema *hapa sijui* ilikuwa imegeuka kuwa herufi kama herufi nyingine, na katika majina mengine hakuna mtu ambaye angegundua. Flavia ndiye aliyepata dawa. Alipendekeza *x*, kwa kuwa katika majina yote ya Cheyo aliyokwisha kuyachapa hakuwahi kukutana nayo. Elieza aliafiki. Kuanzia siku ile, kila herufi iliyopotea katika madaftari ya Mzee Saidi ilipewa *x* yake, na Tatu alilala usingizi mzuri.

*

Aliyemwondolea usingizi huo alikuwa Zamda, muuza maandazi wa njia ya stesheni. Tatu alisimama kununua, Zamda akamfunika sahani.

"Mwalimu, yako siuzi."

"Nimekukosea nini, dada yangu?"

"Mimi nina eksi tatu," Zamda alisema. Alionyesha vidole vitatu vyenye unga. "Jirani yangu ana eksi moja, kabaki. Wewe ulikuwa unatutilia kwa kipimo gani? Kwa kijiko?"

Kwa njia hiyo Tatu alijua kazi yake inavyotumika. Mstari uliokuwa safi, kamati iliupitisha bila kuinua kichwa. Mstari wenye *x*, mwenye nyumba aliitwa mbele yao ajieleze. Kutoka madaftari mawili ya kwanza walikuwa wameitwa watu saba. Mmoja alisahau mwaka baba yake aliojenga. Mmoja alijibu kwa Kinyamwezi, mjumbe mmoja akamwambia kwamba mtu wa mjini angejibu Kiswahili. Watano kati ya saba waliambiwa wafunge mizigo, na Zamda alikuwa mmoja wao.

Tatu alikwenda moja kwa moja kwa Elieza.

"Wale watu nawajua. Nyumba zao nazijua. Niulizeni mimi. Waulizeni majirani."

"Mama, kila mtu ana majirani wa kumsemea," Elieza alijibu. Hakuwa mkali; alikuwa amechoka. "Karatasi haina shemeji. Ndiyo maana wanaitaka. Na usidhani hizo eksi zako ni mbaya. Bila eksi wasingeitwa hata kusikilizwa. Asiye na mstari kabisa haitwi, anapewa siku ya lori tu."

Maneno yale yalikuwa ya kweli, na Tatu aliyasikia. Lakini aliporudi mezani kwake, alichokuwa akikiona ni vile vidole vitatu vya Zamda.

*

Daftari la tatu ndilo lililokaa chini kabisa ya sanduku, na ndilo lililokunywa maji kuliko yote. Tatu alilifungua kwa hofu, kwa sababu katika madaftari mawili ya kwanza hakuwa ameuona mstari mmoja aliokuwa akiutafuta: mstari wa nyumba ya Mwanajuma.

Mwanajuma alikuwa mdogo wake mama yake Tatu. Mama alipofariki, Mwanajuma ndiye aliyemchukua Tatu, akamlea, akamwoza, na ndoa ilipovunjika akampokea tena bila kumuuliza. Mumewe, Mabruki bin Nassibu, fundi bati, alikuwa ameiaga dunia miaka mingi. Nyumba ilikuwa ya vyumba vitatu, upande wa kisima. Mwanajuma sasa alikuwa na umri wa miaka sabini na zaidi, na mwaka uliotangulia kiharusi kilimshika ulimi. Maneno yalimtoka moja moja, kama mtu anayeteka maji kwa kikombe. Tatu alijaribu kumwona amesimama mbele ya kamati, akiulizwa mwaka. Hakutaka kuendelea kuona.

Mstari ulikuja ukurasa wa tisa. Neno la kwanza lilikuwa wazi: *Mabruki*. Baada yake palikuwa na doa pana la rangi ya chai, na ndani ya doa meno matupu, mengine yamefutika yote. Kisha mwandiko ukarudi: *vyumba vitatu, upande wa kisima.*

Tatu aliuangalia mstari ule kwa muda mrefu. Aliusogeza dirishani, akauinamisha, akautazama kwa ubavu ili labda kalamu iwe imeacha mkwaruzo. Hapakuwa na kitu. Akaandika katika daftari jipya: *Mabruki xxx xxxxxx*. Akaacha kalamu.

Alijiambia kwamba kujua ni kujua. Hakuwa anabahatisha jina la mtu wa mbali. Alikuwa anamwandika mume wa mama aliyemlea, kwenye nyumba aliyoizoea tangu utoto. Mabruki, vyumba vitatu, kisima: ni nani mwingine? Kama baba yake angekuwa hai angesema vivyo hivyo kwa mdomo wake. Ile sheria ya viduara ilikuwa ya mtu asiyejua, na yeye alikuwa anajua.

Alichana ukurasa wa daftari jipya, akauandika upya: *Mabruki bin Nassibu, vyumba vitatu, upande wa kisima.*

Flavia aliuchapa huku akiimba. Alipofika mwisho akasema, "Kumbe ukurasa wa tisa hauna eksi hata moja. Mzee alinunua wino mwingine siku ile?"

"Chapa tu, mwanangu," Tatu alisema.

Orodha ilikwenda, ikarudi. Mwanajuma hakuitwa. Tatu alimpelekea uji asubuhi ile, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Wa-me-semaje?" Mwanajuma aliuliza.

"Wamesema unabaki."

Mwanajuma alimshukuru Mungu kwa neno moja refu lililomchukua pumzi tatu, kisha akanywa uji wote. Tatu hakuwa ameuona uso ule umetulia hivyo tangu kiharusi. Alijiona amefanya jambo jema, na hilo ndilo lililomwumiza zaidi baadaye.

*

Nyuma ya nyumba ya Mwanajuma aliishi Ngollo, msukaji wa vitanda vya kamba. Alikuwa mtu wa miaka sitini hivi, mgumba, mpenda utani, na mikono yake ilikuwa migumu kwa katani kiasi kwamba watoto waliigonga wasikie mlio. Wiki moja baada ya orodha ya tatu kutoka alifika barazani kwa Tatu, watoto wakiwa bado wanasoma.

"Binti Saidi, wamenipa siku ya lori. Alhamisi ya wiki ijayo. Wanasema simo."

"Humo wapi?"

"Humo mnamoandikwa. Mimi nimezaliwa mle chumbani, kitovu changu kimezikwa ugani, sasa naambiwa simo. Kwani nilijenga nyumba kwa miujiza?"

Tatu aliwaambia watoto waende nyumbani. Hakukumbuka kuliona jina la Ngollo katika madaftari matatu. Akamuuliza nyumba ilijengwa na nani.

"Na baba. Mzee Kirongozi, nani asiyemjua?"

Ni kweli, kila mtu alimjua. Enzi za misafara ya miguu yule mzee alitangulia mbele ya wapagazi kutoka hapa mpaka Ujiji, ngoma na bendera mbele, na jina la kazi lilimganda mpaka kaburini. Tatu hakuwa ameona Kirongozi yeyote katika madaftari.

"Limebaki moja," alimwambia. "Ni kavu, linasomeka lote. Nitakutafutia baba yako humo."

"Mtafute vizuri. Alikuwa mrefu," Ngollo alisema, akaenda zake akicheka peke yake.

Tatu alilifungua daftari la nne kesho yake, na kwenye ukurasa wa nne, kwa wino mweusi usiokosa nukta hata moja, akasoma: *Mabruki bin Nassibu, fundi bati, pamoja na mkewe Mwanajuma, vyumba vitatu, upande wa kisima.*

Kwanza alifurahi. Mwanajuma alikuwa na mstari wake safi, hakuhitaji huruma ya mtu. Furaha ile haikudumu hata dakika. Ikiwa Mabruki huyu ndiye mume wa Mwanajuma, yule wa ukurasa wa tisa, kwenye doa la chai, alikuwa nani?

Alifunga daftari, akamwambia Flavia kichwa kinamwuma, akatembea kwa mguu mpaka kwa Ngollo. Alimkuta uani, kitanda kimelazwa ubavu, anavuta kamba kwa meno.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umempata?"

"Kaka, baba yako alikuwa na jina gani la Kiislamu? Si la kazi. La kusilimu."

Ngollo alitoa kamba mdomoni. "Loo. Umenikumbusha mbali. Alisilimia njiani, wapagazi wenzake wakampa jina. Mabruki. Lakini nani aliyemwita hivyo? Hata mama alikuwa akimwita Kirongozi." Alimtazama. "Kwani vipi? Mbona umesimama kama umeona nyoka?"

"Naangalia tu," Tatu alisema. "Naangalia tu, kaka."

*

Elieza alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Alivuta orodha ya tatu, akaiweka pamoja na kurasa chache za daftari la nne ambazo Tatu alikuwa amekwisha kuziandika upya, akaona mwenyewe: *Mabruki bin Nassibu* mara mbili, nyumba mbili, kisima kimoja.

"Mama, umejaza wapi pengine?"

"Hapo tu."

"Hapo tu."

"Wallahi, hapo tu."

"Mimi naamini," Elieza alisema. "Lakini nitamwonyesha nini mtu mwingine? Ungeweka eksi, ningejua umekwama wapi. Pale ulipojaza hapana alama. Mstari uliousoma na mstari ulioujaza inafanana. Nikiandika kwamba kwenye madaftari kuna jina la kubuni, kamati haitauliza ni jina lipi. Itayatupa yote manne. Nyumba zote zilizopita zitarudi mwanzo, na asiye na mstari anapewa siku ya lori."

"Na Mwanajuma?"

"Na Mwanajuma."

 Mashine ya Flavia ilikuwa imenyamaza upande wa pili wa ukuta.

"Kuna njia moja," Elieza alisema hatimaye, bila kumtazama. "Mstari huu wa daftari la tatu naufuta. Nitasema mtu mmoja ameandikwa mara mbili kwa bahati mbaya. Orodha inakuwa safi, hakuna maswali."

"Ukiufuta, mzee Ngollo anakuwa hakuwahi kuwa na baba."

"Sasa hivi anaye?" Elieza aliuliza. Papo hapo akajutia, akashika paji la uso. "Nisamehe, mama. Mimi sikulijaza jina hilo. Wala hii sheria sikuitunga."

Tatu alimwona akichukua rula, akaiweka juu ya mstari, akaupiga kalamu mara moja. Ulikuwa mstari ulionyooka vizuri. Ule mwanya ambao baba yake angeuacha, ambao ungemfanya mtu aitwe na kuulizwa, yeye Tatu alikuwa ameuziba kwa jina. Na sasa hata jina lenyewe limeondolewa, na mahali pote pale pakawa sawasawa na karatasi.

*

Angeweza kunyamaza. Ngollo asingejua. Siku tatu Tatu alinyamaza, na siku zote tatu alimsikia akipiga misumari kwenye sanduku lake la vyombo, huku akiwatania wapita njia kwamba anahamia shambani kuwa kabaila. Jumatano, siku moja kabla ya lori, alishindwa. Alikwenda kumweleza yote: doa la maji, Mwanajuma, jina aliloliandika, daftari la nne, rula ya Elieza.

Ngollo alimsikiliza akiwa ameketi juu ya sanduku. Hakufanya utani hata mmoja.

"Kumbe baba alikuwemo," alisema.

"Alikuwemo."

"Wewe ukamtoa, ukamweka fundi bati."

"Ndiyo, kaka."

"Fundi bati mwenyewe alikuwa na deni langu la kitanda." Hakucheka, wala Tatu hakujua kama alitakiwa kucheka. "Ungeacha zile eksi zako, ningeitwa?"

"Ungeitwa. Labda wasingekukubalia. Lakini ungeitwa. Twende ofisini, mimi na wewe. Nitasema mbele ya kamati yote."

"Na kamati itafanyaje?"

Ilibidi amwambie. Alimwambia kwamba huenda watayatupa madaftari yote manne.

Ngollo aliinuka kwa ghafla, sanduku likalia chini yake. "Sasa unanijia na kitu gani hiki, binti Saidi? Unataka mimi ndiye niseme Mwanajuma apakiwe kwenye lori na ulimi wake ule? Mimi ndiye nichague mtaa mzima? Ulipokuwa unaandika uliniuliza? Basi na sasa usiniulize!"

Sauti ilivuka ua. Tatu alijua Mwanajuma, upande wa pili wa miti ya minyaa, anasikia kila neno.

"Nisamehe," alisema.

"Sijui," Ngollo alijibu. "Kesho asubuhi nina safari. Niache nifunge mizigo."

*

Lori lilifika saa mbili asubuhi, likasimama karibu na kisima. Zamda alikuwa tayari juu yake, amekalia mfuko wa unga, na familia nyingine mbili kutoka mitaa ya jirani. Elieza alikuwepo na orodha. Alisoma majina kwa sauti ya chini, na kila aliyeitwa alipanda.

Tatu alisimama kando. Alitegemea Ngollo atampita bila kumtazama, na angeliona hilo ni haki. Lakini Ngollo, sanduku lake likiwa limekwisha pakiwa, alirudi hatua chache.

"Yale maandishi. Unayakumbuka?"

"Nayakumbuka."

"Nisomee. Kama yalivyo, si kama ulivyotaka."

Tatu alifumba macho aone ukurasa. "Mabruki," alisema. "Hapo maji yameingia. Ni maneno mawili, hayasomeki. Halafu: vyumba vitatu, upande wa kisima."

Ngollo alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepima kamba. "Hapo pasiposomeka. Alikuwa bin nani?"

"Sijui, kaka."

"Mimi pia sijui," alisema. "Wangeniuliza, nisingejua. Hakuwahi kunitajia baba yake. Alikuwa anasema alianzia njiani." Akageukia lori. "Lakini ningependa kuulizwa."

Dereva alipiga honi. Ngollo alipanda, Zamda akamvuta mkono, akampa nafasi kwenye mfuko. Lori liligeuza pale pale kisimani, likachukua barabara ya magharibi, ile ile ambayo wapagazi walikuwa wakiifuata kwenda Ujiji, na vumbi likachelewa kutua.

Tatu aliingia kwa Mwanajuma na uji. Mwanajuma alikuwa ameketi, amejigeuzia ukutani. Hakupokea kikombe. Aliinua mkono mmoja wenye nguvu, akaonyesha upande wa ua wa Ngollo, kisha akauonyesha mlango, na hakutoa neno. Tatu hakujua kama ulimi ulikuwa umekataa au mwenyewe.

Jumatatu alirudi ofisini. Katika daftari la nne zilikuwa zimebaki kurasa ishirini na moja, na Cheyo nzima hapakuwa na mtu mwingine wa kuzisoma. Flavia alimsogezea kiti dirishani. Hakuimba siku ile. Saa nne Elieza alipitisha kichwa mlangoni, akauliza wamefika ukurasa wa ngapi.

"Wa tano," Tatu alisema.

"Una maswali yoyote, mama?"

"Hapana," alisema, akashusha macho kwenye mstari uliofuata.